Fidia ya Vita Hulipwa Nani?

SWALI: Mhariri, mpangaji wangu hapa Nyalenda ni mama aliyekimbia Bunia, Kongo, mwaka wa 2002 baada ya wanamgambo kuichoma nyumba yake. Amesikia kwamba Uganda iliamriwa kuilipa Kongo fidia. Waliomchomea hawakuwa wanajeshi wa Uganda. Je, anaweza kudai haki yake, hata kama ni katika mahakama ya hapa Kisumu?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Mfikishie mama huyo pole zetu. Aliyoyasikia ni kweli: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa makosa ya jeshi lake nchini Kongo, ambayo ilikuwa imepatikana nayo katika hukumu ya Desemba 2005. Lakini mahakama hiyo husikiliza kesi za nchi dhidi ya nchi peke yake, na mtu binafsi hawezi kufungua kesi huko.

Kwamba waliomchomea hawakuvaa sare za Uganda kusimvunje moyo. Majaji waliamua kwamba jeshi la Uganda lilikuwa limeikalia Ituri, eneo ulipo mji wa Bunia, na jeshi linalokalia eneo la wenyewe lina wajibu wa kuwalinda wakazi wake, hata dhidi ya makundi ya waasi. Kwa hiyo, kuhusu madhara yaliyotokea Ituri, ilikuwa juu ya Uganda kuthibitisha kwamba hayakutokana na uzembe wake, nayo haikuweza.

Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ilitaja raia 180,000 waliokufa. Mahakama, kwa ushahidi uliokuwepo, ilikadiria kati ya 10,000 na 15,000, kisha ikaamua jumla ya dola milioni 225 kwa madhara ya watu wote, milioni 40 kwa mali, zikiwamo nyumba kama ya mpangaji wako, na milioni 60 kwa maliasili iliyoporwa. Kwa maoni yangu, hizo milioni 40 ni kidogo mno, ila vita huteketeza hati pamoja na nyumba, na jaji hawezi kuhesabu asichoonyeshwa.

Mahakama ya Kisumu haitamsaidia, kwa kuwa nchi haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine kwa matendo ya jeshi lake. Wazee wa Mau Mau walifanikiwa kwa sababu waliishtaki Uingereza kwao London, na mwaka wa 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000 pauni milioni 19.9, pasipo kukiri kwamba ilikuwa na hatia kisheria.

Fedha za Uganda hulipwa serikali ya Kongo, iliyounda mfuko maalumu wa waathiriwa wenye makao yake Kisangani, na huko ndiko dai lake linapostahili kupelekwa. Aandike sasa mtaa alioishi, tarehe ya tukio na majina ya majirani walioshuhudia, aambatishe nakala ya cheti chake cha ukimbizi. Akitokea wakala wa kumfuatilia malipo kwa ada ya kutanguliza, asimpe hata shilingi.