Maswali ya Wasomaji: Jennings na Watoto

SWALI: Tunaishi Pittsburgh. Tungependa kuwapeleka watoto wetu, miaka 7 na 10, kwenye kituo cha elimu ya mazingira cha Jennings, lakini tumeambiwa kuna nyoka wa sumu. Twende lini, na ni salama?
Mama wa wawili, Pittsburgh

JIBU: Mama, nendeni. Wakati mzuri ni mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, liatris inapochanua: mashina marefu ya maua ya zambarau yanayofunguka kuanzia kileleni kushuka chini. Ni kama saa moja kwa gari, mkipitia Butler. Kiingilio hakuna, kama ilivyo kwa hifadhi zote za jimbo la Pennsylvania.

Mbuga ya nyasi inamochanua liatris ni ndogo, kama eka 20, lakini msiipite upesi. Katika nchi hii ya misitu, nyasi zimebaki hapo kwa sababu chini ya udongo mwembamba kuna mfinyanzi mzito wa enzi za barafu. Mvua zikinyesha maji hutuama. Kiangazi ardhi hukakamaa, miche ya miti ikakosa pa kushika mizizi. Vichaka hata hivyo hurudi, ndiyo maana wahifadhi hufyeka na kuchoma kwa mpango. Mkikuta nyasi zimeungua, waelezeni watoto kwamba ule moto ndio unaoitunza mbuga.

Nyoka huyo, massasauga, aina ya nyoka mwenye njuga mkiani, ana sumu kweli, ila ni mfupi, kwa kawaida hafiki sentimita 75, na hupenda kujificha. Msitegemee njuga ya mkiani: mlio wake ni hafifu kama wa mdudu. Tembeeni katikati ya njia, viatu vya kufunika mguu, na mtoto asitie mkono kwenye nyasi wala chini ya gogo. Nyoka akiuma, pigeni 911, namba ya dharura, mvueni aliyeumwa pete na saa kabla hajavimba, atulie. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba. Kumuua nyoka huyo ni marufuku. Tangu 2016 analindwa na sheria ya shirikisho.

Mimi ningehofia zaidi kupe. Ingizeni suruali ndani ya soksi, na jioni hiyohiyo kagueni nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa wima polepole. Msimpake mafuta wala kumchoma. Vijidudu vya ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 kuingia mwilini, kwa hiyo ukaguzi hauahirishwi hadi kesho.

SWALI: Kwa nini baadhi ya maji ya Jennings ni ya rangi ya chungwa?
Mwalimu, Erie

JIBU: Ni chuma kutoka mgodi wa zamani wa makaa ya mawe. Maji hayo ya asidi hupitishwa kwenye tabaka la mawe ya chokaa na mboji iliyokwisha kutumika kukuzia uyoga. Asidi hupungua, kisha chuma kikikutana na hewa hugeuka kutu na kutuama. Wanafunzi wasiyachezee. Ukitaka mtaalamu awaonyeshe mtambo huo, panga na kituo mapema.