Andikeni makubaliano kabla ya kupima mti wa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utafiti na uhifadhi wa misitu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ninawaandikia baada ya miaka kumi na moja ya kuzunguka vijiji vya Kabare na Kalehe. Mbinu za kupima miti mtafundishwa chuoni. Mimi ninataka kusema juu ya kazi inayotangulia vipimo, yaani kukubaliana na wote ambao msitu unawahusu.

Anzeni kwa kujua historia ya mahali. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 katika eneo la milimani la kilomita za mraba 600 hivi, kisha mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kufikia takriban 6,000, ikaingiza misitu ya bondeni, na sehemu hizo mbili zikaunganishwa na ujia mwembamba ambao ndani yake watu walikuwa wanaishi na kulima. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, waliondolewa katika ardhi ya mababu zao. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa hadharani, ukieleza kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo mtafiti anayefika kijijini ndani ya gari la hifadhi huhesabiwa kuwa mtu wa hifadhi hata kabla hajasalimia, na majibu atakayopewa yatafuata hesabu hiyo.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza tulikaa majuma sita katika kijiji kimoja tukihesabu miti inayokatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, tukaongozwa na wazee wawili waliojua kila mti kwa jina lake la Kitwa na la Mashi, lugha ya Washi. Ripoti iliandikwa kwa Kifaransa, ikapelekwa kwa mfadhili, na shirika lililotuajiri halikurudisha hata ukurasa mmoja. Niliporudi mwaka uliofuata, mzee mmoja aliniuliza: «Mlihesabu miti yetu, hesabu iko wapi?» Sikuwa na jibu, na mwaka huo hakuna aliyekubali kutuongoza. Alikuwa na haki kabisa.

Tangu hapo, sikubali kuanza kazi bila karatasi inayosema nani atahifadhi takwimu, nani ataandikwa kama mwandishi, waongoza njia watalipwa kiasi gani na siku gani, na matokeo yatasomwa kijijini kwa lugha gani. Ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, ni ya lazima ndani ya hifadhi, lakini haichukui nafasi ya mazungumzo na mwami (mtawala wa jadi), chefu wa groupement (kundi la vijiji) na familia zenyewe. Tena msiwaache wanawake nje ya mazungumzo hayo, kwa maana wao ndio wanaotafuta kuni kila siku. Sampuli za mimea, wekeni nakala yake katika hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya kituo cha utafiti cha Lwiro, ili mwanafunzi wa hapa asilazimike kwenda Ulaya kutazama jani lililochumwa karibu na kwao.

Lwiro yenyewe ina mfano mzuri. Mwaka 2002 ICCN na kituo cha utafiti wa sayansi cha pale walianzisha pamoja makao ya sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji. Mmoja alikuwa na mamlaka ya kisheria juu ya wanyama, mwingine alikuwa na ardhi na watafiti, na mashirika ya kigeni yakasaidia. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumhitaji mwenzake, na ninaamini ndiyo maana makao hayo yamevuka miaka mingi ya vita.

Wafanyabiashara huwa tunawasahau. Msitu unaingia Bukavu ndani ya magunia ya makala, na anayeyauza sokoni anajua yametoka wapi na bei ilipanda lini. Msimwendee kama polisi. Mwelezeni mapema kwamba jina lake halitaandikwa, na mheshimu ahadi hiyo hata mfadhili akitaka orodha.

Mwisho ni kuhusu kalenda. Wafadhili wengi hufunga mwaka wao mwezi Desemba na hutaka mikutano ya vijijini ifanyike Septemba au Oktoba, wakati mvua zimerudi na kila mtu yuko shambani akipanda maharagwe. Ombeni Julai, na muandike mwezi huo katika mradi wenyewe kabla bajeti haijatiwa sahihi.