Bastola ya Webley na Risasi za .45: Jibu kwa Msomaji wa Nachingwea

SWALI: Babu yangu alikuwa mnyapara katika mradi wa karanga hapa Nachingwea, na Mwingereza aliyekuwa mkubwa wake alipoondoka alimwachia bastola ya silinda. Kwenye fremu pameandikwa "MARK VI" na mwaka 1917. Babu amefariki, nasi tumeikuta sandukuni ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi. Rafiki amenipatia risasi za .45 zilizobanwa tatu tatu kwenye kibanio chenye umbo la nusu mwezi; zinaingia vizuri na bastola inafunga. Je, naweza kuijaribu shambani, na niitunzeje?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba. Usiifyatue bastola hiyo, na zitoe risasi hizo sasa hivi ikiwa bado zimo, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali pasipo na mtu na kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Maelezo yako yanalingana na Webley Mark VI, bastola ya maofisa wa jeshi la Uingereza iliyopitishwa mwaka 1915. Hubeba risasi sita, mtutu wake ni wa inchi sita, na hukunjuka katikati ili maganda yote yatoke kwa pamoja. Kupatikana kwake Nachingwea hakunishangazi, kwa kuwa mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliwaleta kusini wanajeshi wengi wastaafu pamoja na mabaki ya vifaa vya vita, hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru.

Bastola hiyo ilitengenezwa kwa risasi ya .455, ambayo ina ukingo mwembamba kwenye kitako cha ganda. Risasi ulizopewa ni za .45 ACP, za bastola za magazini, nazo hazina ukingo uliochomoza. Ndiyo maana zinahitaji kibanio. Kibanio hicho ni kinene kuliko ukingo wa .455, kwa hiyo silinda ya asili ingekataa kufunga. Kwamba yako inafunga ni ushahidi kuwa uso wa nyuma wa silinda umekerezwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa wingi Marekani baada ya Vita vya Pili, Webley za ziada zilipouzwa kwa bei ndogo huku risasi za .455 zikiwa adimu. Ya kwako ilikerezewa wapi, silinda yenyewe haiwezi kutueleza.

Waliokereza silinda walibadilisha nafasi ya risasi tu, hawakuongeza uimara wa chuma. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .455 ni takriban paundi 13,000 kwa inchi ya mraba, ilhali kwa .45 ACP ni 21,000. Kwa viwango vya sasa vya Ulaya, bastola hujaribiwa kiwandani kwa shinikizo linalozidi lile la kawaida kwa takriban asilimia 30, ambalo kwa .455 lingekuwa kama 17,000. Maana yake ni kwamba risasi ya kawaida kutoka kwenye boksi la rafiki yako inaweza kuzidi hata jaribio la makusudi ambalo silaha hupewa mara moja tu, tena ikiwa mpya. Zipo Webley zilizostahimili risasi kadhaa za namna hiyo, na hilo ndilo linalowadanganya watu: kuta za silinda huchoka kwa kificho, kisha hupasuka siku moja zikiwa mkononi mwa mtu. Kurudi kwenye .455 nako hakusaidii, kwani kwenye silinda iliyokerezwa risasi hiyo hubaki na nafasi kubwa nyuma yake na mara nyingi nyundo haiilipui fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda.

Sasa sheria, ambayo kwa hali yako inatangulia ufundi wote. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni hupewa mtu, wala hairithiwi pamoja na sanduku. Risasi ulizopewa mkononi nazo zina kosa lake. Nenda kituo cha polisi cha wilaya bila kuibeba bastola, ueleze ilivyopatikana, na uwaachie wao waje kuichukua. Usiipakie kwenye bodaboda. Kama familia inataka historia yake isipotee, iombeni polisi itoe kibali ili Makumbusho ya Taifa iarifiwe, na mwandike mapema yote mnayoyakumbuka kuhusu huyo Mwingereza, kwa sababu bastola isiyo na maelezo ni chuma tu kwa mhifadhi.

Kuhusu kuitunza hadi polisi wafike, itoe kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi huhifadhi unyevu na kemikali za kuitengenezea huila rangi ya chuma. Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha uipake mafuta mepesi ya mashine kwa kiasi kidogo. Mafuta ya nazi huganda na kunata. Yale ya maganda ya korosho ni mabaya zaidi, kwani huunguza ngozi na kukauka kama vanishi. Usiisugue kwa msasa wala kuing'arisha, kwa kuwa mihuri midogo iliyopigwa kwenye fremu na silinda ndiyo itakayomwezesha mtaalamu kujua ilikotoka. Ifungie mahali ambapo watoto hawafiki, na risasi zikae kwenye chumba kingine.