Usukani wa boti unavuja mafuta? Kabla hujanunua sili, pitisha kucha

Usukani wa boti yangu unakwenda mizunguko minne na nusu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Naihesabu kila asubuhi kabla sijawasha mashine, kama mtu anavyojipapasa mfukoni kuona kama funguo zipo. Asubuhi moja ya kaskazi, pale Kilindoni, kisiwani Mafia, nikahesabu sita. Tena ulipofika mwisho haukugota. Ulikuwa unabonyea kama godoro. Wageni walishakaa na maboya yao, wanataka kwenda kumwona papa potwe. Nikawashusha. Walinuna, lakini kumzungukia samaki wa mita saba na watu wako majini, huku usukani hautii, mimi siwezi.

Boti ni ya faiba, futi 26, mashine moja ya hospawa 115, usukani wa haidroliki. Mfumo wenyewe hauna uchawi. Nyuma ya usukani kuna pampu, na kwenye pampu inatoka mipira miwili inayokwenda hadi silinda iliyofungwa mbele ya mashine. Ukizungusha, mafuta yanasukumwa kupitia mpira mmoja na yale ya upande wa pili yanarudi kwa mwingine. Hayaungui wala hayaliwi. Yakipungua ujue yamevuja mahali, na anayekwambia "hayo hupungua tu, ongeza uende" anakupa ushauri ambao yeye hatakuwepo baharini kuulipia.

Tafuta kwanza yanatokea wapi. Mafuta yana tabia ya kutoka juu yakaonekana chini, kwa hiyo usiamini tone. Futa viungo vyote vikauke, uviringishie karatasi ya chooni kila nati na kila mwisho wa silinda, kisha mtu mmoja azungushe usukani mpaka mwisho na aukaze hapohapo kidogo, kushoto halafu kulia. Karatasi itasema. Ikilowa kwenye nati, mara nyingi ni oringi, ule mpira mdogo wa duara, imechoka au nati imelegea. Ikaze kwa adabu, na usiizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Vipande vyake hukatika vikaingia kwenye vali za pampu, ukawa na maradhi mawili badala ya moja. Yakichuruzika nyuma ya usukani, ni sili ya shafti ya pampu, yaani ule mpira unaozuia mafuta yasitoke pale mhimili wa usukani unapoingia kwenye pampu. Hapo utalazimika kuung'oa usukani: tumia pula, kile kifaa cha kuvutia, usigonge shafti kwa nyundo, pampu ile ndani ina vitu vidogo vidogo visivyopenda kelele. Na yakitoka kwenye kifuniko cha pampu tu, mchana jua likiwaka, huenda umejaza kupita kiasi. Mafuta hutanuka. Acha upana wa kidole chini ya meno ya kifuniko.

Kwangu karatasi ililowa kwenye silinda, upande wa kulia. Nikaagiza seti ya sili Dar, ikaja na boti ya Nyamisati, nikafunga mwenyewe. Wiki tatu, mafuta haya hapa tena. Nikalilaumu duka, nikasema wameniuzia feki, nikaagiza nyingine kwingine. Hii haikumaliza hata wiki mbili.

Mara ya tatu nilimwita mzee mmoja fundi. Hakufungua hata mfuko wake wa spana. Alichukua tambara, akafuta shafti ya silinda, akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kutoka mwisho mmoja. Katikati ya njia ukucha ukakwama. "Nipe kidole chako," akaniambia. Nikasikia: vishimo viwili vitatu, vidogo kuliko punje ya ufuta, kando yake chumvi imeganda. "Sili zako nzima. Unazipitisha juu ya wembe."

Kwenye silinda za namna hii shafti hutulia, mwili wa silinda ndio unaokwenda na kurudi juu yake. Boti ikilala usukani umenyooka, ncha zote mbili za shafti ziko wazi. Maji ya chumvi yanarukia, yanakauka, chumvi inakuwa ngumu, na chini yake hata chuma kisichoshika kutu kinaanza kutoboka. Kesho yake unazungusha, sili inakwaruzwa. Kipele kilichoinuka unaweza kukilainisha kwa msasa wa maji ule laini kabisa, lakini kishimo hakiondoki kwa msasa. Nilinunua silinda nzima na iliniuma. Ila ukijumlisha seti mbili za sili, nauli za vifaa, na siku ambazo boti ilikaa tu imefungwa, ningeanza na ukucha.

Kama shafti yako ni laini na shida ni sili kweli, jambo moja: kabla ya kuipitisha sili mpya, zungushia tepu ya umeme kwenye meno ya mwisho wa shafti, na uipake sili mafuta yaleyale ya usukani. Meno yale hukata mdomo wa sili bila wewe kujua, na mdomo huo utazame ndani, kwenye mafuta.

Mafuta sasa. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, si tutie ya breki? Yote haidroliki." Hapana. Mafuta ya breki yanaziharibu sili za usukani. Ya injini ni mazito mno. Nunua chupa iliyoandikwa ya usukani wa boti, ni mepesi. 

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta kunataka watu wawili. Chupa ya mafuta ikae juu ya pampu imepinduliwa, isiishe katikati ya kazi. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho, fungua nati ya upepo ya kulia kwenye silinda, mmoja aishike silinda isirudi, mwingine azungushe usukani kushoto polepole mpaka mafuta yatoke bila povu. Funga wakati bado anazungusha. Halafu zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, urudie kinyume chake. Sisi tulirudia mara tatu ndipo ule mbonyeo wa godoro ukaisha.

Tangu hapo kila jioni shafti inapata kikombe cha maji baridi na tambara.

Na mafuta yakikuishia mkiwa katikati ya maji: punguza mwendo, fungua nati zote mbili za upepo, au toa bolti inayoshika silinda na mashine, kisha ugeuze mashine kwa kasia lililofungwa kamba. Tulijaribu makusudi siku bahari imelala, mimi na mpwa wangu tu. Gati tunayoifikia kwa dakika kumi tuliifikia kwa arobaini, yeye analia na kasia nyuma, mimi mbele nampigia kelele kushoto, kulia.