Usimzoeze mtoto kucheka mbele ya kamera

Mkuu, simamisha hilo zoezi leo hii. Umeandika kwamba kijana wako anatimiza miaka miwili mwezi ujao, unataka picha zinazoonyesha tabia yake halisi, na ili awe tayari mnamzoeza kila asubuhi: unainua simu, mama yake anamwita jina, mtoto anatabasamu, anapewa biskuti. Hiyo biskuti ndiyo imenifanya niache kula niandike.

Sisi tulifanya hivyohivyo. Binti yetu alikuwa anakaribia miaka miwili, tukaenda studio moja hapa Dar kuulizia picha za bethidei. Mwenye studio akatuambia, tena kwa kujiamini, kwamba mtoto asiyezoeshwa kamera ataharibu kazi, kwa hiyo tukamfundishe "cheka" nyumbani wiki tatu kabla ya kumleta. Tukamwamini, maana yeye ndiye fundi. Wiki ya pili mtoto alikuwa ameshika somo. Balaa ni kwamba hakulisahau. Simu yoyote ikiinuliwa, hata ya jirani, anaacha alichokuwa anafanya, anakaza shingo na kutoa meno yote ya mbele kama yuko kwa daktari wa meno. Ilichukua zaidi ya mwaka kumtoka.

Sasa sikia nilichopoteza. Umri ule alikuwa na kawaida yake moja: tukirudi nyumbani anavua viatu, anavipanga mlangoni, anachuchumaa mbele yake na kuvinyooshea kidole. "Kaeni hapa. Msilie. Narudi." Ni maneno yaleyale aliyokuwa akiambiwa na mama yake asubuhi akienda kazini. Karibu kila siku! Nimejaribu kuipata picha ile sijui mara ngapi. Nikiinua simu tu, kidole kinashuka, meno yanatoka. Kwenye simu yangu nina viatu vimepangwa vizuri, na pembeni yake mtoto anayenikenulia. Alipofika miaka mitatu akaacha kuongea na viatu, na hakurudia tena. Mama yake akitaka kuwasimulia watu inabidi achuchumae mwenyewe, kwa sababu hakuna cha kuwaonyesha.

Yule bwana wa studio bado ana kesi na mimi. Alichukua 150,000 yetu, na ukutani kwake watoto wote walikuwa na tabasamu moja, kama wa tumbo moja. Alichotaka ni mtoto akae kwenye kiti, abonyeze, amwite mteja mwingine. Mambo ya tabia ya mtoto hayakuwa shida yake.

Picha pekee ya umri ule ninayoithamini alipiga shangazi yake kule Muheza, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amekaa chini jikoni akichambua mchicha, mtoto yuko uani, mkono kiunoni, anamgombeza kuku aliyekanyaga unga. Uso umekunjamana vilevile kama wa bibi yake. Imetikisika kidogo, na nusu ya kuku imekatwa. Sibadilishi na picha zote za studio.

Tofauti ilikuwa moja: shangazi hakumwita. Basi na wewe usimwite. Usiseme jina lake, usiseme "tazama huku", usipige makofi wala mluzi. Zima mlio wa kamera kwenye simu, kwa sababu ule nao ni wito. Zima na flashi. Kaa chini kabisa, kamera iwe usawa wa macho yake. Ukipiga umesimama utapata utosi. Ukae na simu mkononi muda mrefu bila kupiga, mpaka achoke kukutazama arudi kwenye shughuli zake. Ndani ya nyumba msogezee mchezo wake karibu na mlango au dirisha, maana mtoto hatulii, na simu kwenye giza hutoa ukungu mtupu. Kama utaazima kamera kubwa, weka kasi ya shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) 1/500 ya sekunde, usiende polepole kuliko 1/250 akiwa anakimbia. Piga nyingi mfululizo. Na zile zilizotikisika usizifute siku hiyohiyo.

Umesema jioni anaosha gari lake la plastiki kwenye beseni kabla hajakubali kula. Leo akianza, wewe uwe umeshakaa kizingitini kabla yake, na mwambie mama yake asimwite mpaka maji yaishe kwenye beseni.