Nilipanda ndege, mdogo wangu akapanda basi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, ni kilomita 400 tu kwa ndege, kwa barabara 520. Nina usaili Jumatatu asubuhi. Nipande kipi?" Hiyo "tu" naifahamu. Iliniponza.

Babu mzaa mama alipofariki, simu iliingia saa mbili usiku: mazishi kesho saa nane mchana. Mdogo wangu alikamata koti akakimbilia stendi, na saa tatu basi likaondoka naye. Mimi nikaingia mtandaoni. Tovuti ikaniambia kilomita 400, nusu saa kwa ndege. Nikakata tiketi ya asubuhi, nikalala.

Ile nusu saa ilikuwa hesabu ya kugawanya tu: 400 kwa 800, mwendo wa ndege ikishatulia angani. Haikuhesabu kupanda wala kushuka, na safari fupi karibu yote ni kupanda na kushuka. Haikuuliza hata kama kuna ndege ya moja kwa moja. Haikuwepo. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili, nikaruka saa tatu, nikashushwa mji wa tatu kusubiri ndege nyingine. Nilitua saa saba na robo. Dakika 40 nikalisubiri begi. Kutoka uwanjani hadi makaburini, saa nzima kwenye foleni.

Nilifika saa tisa kasoro dakika tano. Udongo ulikuwa bado mbichi, watu wanakung'uta viatu. Mdogo wangu, aliyefika saa kumi na moja alfajiri, ndiye aliyelibeba jeneza. Viganja vyake vilikuwa na udongo, vyangu vilikuwa safi. Mpaka leo sijausahau usafi ule.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuuliza kilomita, ulizeni saa: kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa unakokwenda. Umbali wa anga ni mstari ulionyooka juu ya mviringo wa dunia, na barabara haiufuati. Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, zimetengana kwa takriban kilomita 200 kwa mstari huo, lakini mwenye gari huuzunguka mlango mpana wa mto Río de la Plata na kwenda karibu 600. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, katikati mto Kongo, na daraja hakuna. Hata angani saa hazilingani: London kwenda New York huchukua muda mrefu kuliko kurudi, kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki.

Muulize aliyesafiri wiki iliyopita, si ramani. Ukipanda ndege, beba begi dogo la mkononi. Na ulizeni saa, narudia, msiulize kilomita. Kijana mwenye ndoto zake hawezi kuikabidhi siku kubwa ya maisha yake kwa hesabu ya kugawanya.

Sisemi basi ni bora siku zote. Kilomita zikizidi elfu moja, na ndege ikiwa ya moja kwa moja, mimi mwenyewe napanda ndege.

Wewe uliyeniandikia, panda basi la Jumamosi usiku. Jumapili yote itakuwa yako: nenda mpaka kwenye jengo la usaili, uone mlango wake, kisha urudi ulale.