Ufa kwenye fremu ya zinki ya garimoshi dogo la kabla ya vita

Umeuliza kama gundi ya epoksi itaziba ufa kwenye fremu ya garimoshi lako la mfano, la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapana, haitasaidia. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki ya enzi hizo mara nyingi iliingiwa na metali ya risasi kidogo, nayo inatosha kuleta ulikaji unaopenya kati ya chembe za metali. Fremu huvimba, hupinda, kisha humeguka kama biskuti. Ukiziba ufa huu, mwingine unachomoza pembeni. Ekseli zikianza kubana kwenye matundu yake, ujue imeshavimba. Toa mota na gia mapema, bila nyundo wala jiliwa, uzihamishie kwenye fremu mbadala.

Ila kama fremu imenyooka, haina nyufa ndogondogo juu, na imevunjika sehemu moja tu, huenda ilidondoka. Hapo pini ya chuma ya milimita 1 pamoja na epoksi inashika.